Texas Haijui Kutengana

Mume akihamia kwa rafiki yake Houston na mke akabaki na watoto Grand Prairie, majirani wa kwetu watasema wametengana. Wao wenyewe watasema hivyo. Sheria ya Texas haitasema. Kwake hao bado ni mke na mume, sawa na siku waliyofunga ndoa, na watabaki hivyo hata ikipita miaka 10 bila kuonana.

Wengi wetu hili linatugonga kwa sababu tumetoka nchi ambako kutengana ni jambo la kisheria. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu mahakama kutoa amri ya kutengana, na inayatambua pia makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe ya kila mtu kukaa kwake. Kenya nayo iliiweka amri hiyo katika Sheria yake ya Ndoa ya 2014. Majimbo mengi ya Marekani yanayo. Texas ni mojawapo ya machache yasiyo nayo: hapa ama mmeoana, ama mmeachana.

Shida yenyewe inaanzia kwenye mali. Chochote ambacho mmoja wenu anakipata tangu ndoa ifungwe hadi ivunjwe huhesabiwa kuwa ni cha wote wawili, ukiondoa mambo machache kama urithi, zawadi, na ulichokuwa nacho kabla ya kuoana. Tuseme yule bwana wa Houston amejibana, amenunua lori, anabeba mizigo kwenye I-45 usiku na mchana. Hati ya lori ina jina lake peke yake, na rejesho la benki analipa mwenyewe. Siku kesi ya talaka ikifunguliwa, lori linaingia kwenye fungu la ndoa, na ni juu yake kuthibitisha, tena kwa ushahidi mzito, kwamba ni lake binafsi. Jaji atagawa kwa namna anayoona ni ya haki, ambayo si lazima iwe nusu kwa nusu. Vivyo hivyo akiba ya uzeeni ya mke kazini kwake: sehemu iliyoongezeka mume akiwa Houston nayo imo kwenye fungu.

Utaratibu huu ni wa Kihispania. Ulifika Texas enzi za utawala wa Hispania, ukaendelea chini ya Meksiko, na Texas ilipokuwa jamhuri yenyewe, bunge lake la 1840 lilichukua sheria ya Kiingereza karibu yote lakini likaacha mali ya ndoa ibaki kwa mtindo wa Kihispania. Kwa mwanamke ilikuwa heri, maana kwa Waingereza wa wakati ule mali ya mke ilimezwa na mume. Ila baadaye ulinzi huo ukageuka kufuli. Kwa kuwa katiba ya jimbo ndiyo iliyosema mali gani ni ya nani, wanandoa hawakuweza kuibadilisha kwa kupatana tu. Ilibidi katiba irekebishwe mwaka 1948 ndipo mke na mume wakaruhusiwa kugawana kwa maandishi mali waliyokwisha kuipata. Mali ambayo bado haijapatikana, kama mshahara wa mwaka kesho, ilisubiri marekebisho ya 1980.

Kwa hiyo chombo kipo, ila hakiitwi makubaliano ya kutengana. Ni mkataba wa kugawana mali ya ndoa: wa maandishi, umesainiwa na wote wawili, na unaweza kusema kwamba kuanzia leo kipato cha kila mtu ni chake. Aliyesainishwa kwa nguvu anaweza kuupinga, na hata aliyefichiwa mali au madeni, kama masharti yenyewe yalikuwa ya kumkandamiza kupita kiasi. Kila upande uwe na wakili wake. Muhtasari wa kikao cha wazee uliorushwa WhatsApp, hata uwe na busara kiasi gani, si mkataba huo. Nawaheshimu wazee, wameokoa ndoa nyingi hapa. Lakini kwa hili kazi yao inaishia pale wahusika wanapokubali kusaini wenyewe.

Watoto wana njia yao. Unaweza kuiomba mahakama amri ya malezi na matunzo bila kudai talaka, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hufungua kesi za matunzo bila kutoza ada. Kipimo cha kawaida ni asilimia 20 ya kipato halisi kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, hadi kikomo kilichowekwa. Bila amri, wazazi wote wawili wana haki sawa, na baba akiondoka na watoto kwenda Houston Ijumaa jioni, polisi hawana karatasi ya kuwawezesha kuwarudisha.

Kwa wakazi wa Grand Prairie kuna kero ya ziada. Mji umelalia mpaka wa kaunti za Dallas na Tarrant, na kusini unagusa Ellis. Anayetaka talaka, yeye au mwenzake awe amekaa Texas miezi 6 na katika kaunti husika siku 90. Kuhama mitaa michache tu ndani ya mji huohuo kunaweza kukutoa mahakama ya Dallas kukupeleka ya Tarrant, kule Fort Worth. Ukishafungua, kwa kawaida husubiri siku 60, na hapo katikati jaji anaweza kutoa amri za muda kuhusu nyumba, gari na watoto. Amri hizo ndizo kitu cha karibu zaidi na kutengana kisheria utakachokipata hapa.

Aliyemdhamini mwenzake kwa kadi ya kijani ajue kwamba kiapo cha kumtunza hakifutwi na mkataba wowote wala na talaka yenyewe. Kinadumu hadi mwenzake apate uraia au afikishe robo-mwaka 40 za kazi, au afariki, au aondoke Marekani moja kwa moja.

Na talaka iliyotamkwa msikitini au kwa simu haivunji ndoa mbele ya jaji wa Texas. Kuoa au kuolewa tena kabla ya hukumu, hata kama harusi imefanyika Mombasa au Bukavu, ni kosa la jinai hapa, na kuishi Texas na mwingine mkijionyesha kuwa mmeoana kunaweza kuhesabiwa vilevile. Hata hukumu ikishatoka, sheria inakutaka usubiri siku 30 kabla ya kuoana na mtu mwingine, isipokuwa jaji akikuruhusu mapema.