Usiingie na chuma kwenye chumba cha sumaku



Watoto wetu wa hapa Nanyamba wanaijua sumaku. Spika ya redio ikifa wanaivunja, wanatoa kile kipande cheusi cha duara, wanakifunga uzi na kukiburuza mchangani mpaka kiote ndevu za vumbi la chuma. Sasa ikuze sumaku hiyo mpaka mtu mzima aweze kulala ndani yake. Hiyo ndiyo mashine ya MRI, kipimo ambacho baadhi yenu mmekwisha kuandikiwa na daktari kwa ajili ya mgongo, kichwa au magoti.

Mara nyingi tunaulizwa kama kipimo hiki ni eksirei kubwa. Siyo. Eksirei hutumia mionzi. MRI hutumia sumaku na mawimbi kama yale ya redio. Mgonjwa analala kwenye kitanda chembamba, anaingizwa kwenye tundu, mashine inagonga kwa kelele nusu saa au zaidi, basi. Hofu yetu sisi wauguzi iko mlangoni, kwa kile anachoingia nacho mgonjwa, na zaidi ndugu anayemsindikiza.

Mashine nyingi za aina hii zina nguvu ya sumaku zaidi ya mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira ya nahodha. Na haizimwi. Ndani yake kuna nyaya zilizozamishwa kwenye heliamu ya maji, baridi ya kiasi cha nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme ukishaingia humo huzunguka wenyewe bila kuongezwa. Kwa hiyo umeme wa mji ukikatika, taa zikazimika na mashine ikanyamaza, sumaku bado inavuta. Inavuta usiku, inavuta Jumapili. Kuizima ghafla ni kuiachia heliamu yote ipotee hewani, gharama kubwa sana, na hata hivyo nguvu haiondoki papo hapo. Aliyebanwa atasubiri.

Huko Mumbai, India, Januari 2018, kijana mmoja alimsaidia ndugu yake mgonjwa kwa kuingiza mtungi wa oksijeni chumbani. Ndugu zake walieleza kwamba mhudumu aliwaambia mashine imezimwa. Sumaku ilimvuta pamoja na mtungi wake, akafa. Karibu na New York, mwaka 2001, mtungi kama huo ulimpiga mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine, naye akafariki. Na Julai 2025, katika jimbo hilohilo, mzee wa miaka 61 aliingia kumsaidia mkewe kuinuka baada ya kipimo. Shingoni alikuwa amevaa mnyororo wa mazoezi wa kilo 9 hivi. Alikufa kesho yake.

Silaha nazo zimo. Mwaka 2000 huko Marekani, askari polisi aliyekuwa nje ya zamu alikwenda kupimwa akiwa na bastola yake. Hawakuelewana vizuri na mtaalamu, bastola ikaingia chumbani. Sumaku iliichomoa mkononi, ikagonga mashine na kufyatuka yenyewe, ingawa kizuizi cha usalama kilikuwa kimefungwa. Risasi ilikwenda ukutani. Mwenzake wa São Paulo, Brazili, hakubahatika. Januari 2023 alimpeleka mama yake kupimwa. Waliulizwa kwa mdomo na kwa maandishi kama wana chuma. Bastola ilikuwa kiunoni, hakuitaja. Ilifyatuka, ikampiga tumboni, na mwezi wa Februari akafariki. Mtu mwenye bastola ya siri huona aibu au hofu kuitaja mbele ya watu, na hapo ndipo ilipo hatari. Askari au mlinzi anayemleta mgonjwa, bunduki na pingu zibaki nje kwa mwenzake.

Msidhani haya ni ya Wazungu na Wahindi tu. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza bibi mmoja aliyepewa rufaa kwenda hospitali moja kubwa. Mlangoni mtaalamu akauliza, “Bibi, una kitu chochote cha chuma?” Bibi akajibu, “Sina, mwanangu.” Akauliza mara ya pili, jibu lile lile. Tulipombadilisha nguo tukakuta kwenye pindo la khanga fundo la sarafu, pini mbili na wembe wa kukatia kucha. Bibi hakusema uongo. Kwa Kiswahili chetu cha kijijini chuma ni jembe, ni panga. Hela si chuma, ni hela. Tangu siku hiyo hatuulizi tena kwa jumla, tunataja kimoja kimoja: sarafu, pini, wembe, ufunguo, simu, kadi ya benki, saa, hereni, kipini cha puani, mkanda, vibanio vya nywele, sidiria yenye waya.

Mtaalamu yule alipomaliza na bibi akatugeukia sisi. “Sista, na huo mkasi?” Ulikuwa mfukoni, pamoja na saa ya kifuani. Miaka yote ya kazi, tukazuiwa mlangoni kama watoto! Tulinuna kidogo, lakini yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Rozari na medali ya Mama Maria mwachie ndugu anayebaki nje, asali nayo. Na wale wanaoficha hirizi kiunoni, tunajua mpo. Nyingine zina sindano au kipande cha bati ndani. Padre hayupo pale, itoe.

Kuna chuma kisichovuliwa. Sisi wa kando ya Ruvuma tuna wazee waliovuka mto wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, na tuna majirani wa Kitaya, kijiji kilichovamiwa Oktoba 2020. Risasi nyingi ni za madini ya risasi na shaba, ambayo sumaku haivuti, lakini nyingine zina chuma, na vipande vya bomu la ardhini ni chuma. Gobore ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, maana watu hulishindilia gololi na vipande vya nondo. Kidonda kimefunga, mwenyewe amesahau, kipande kimekaa karibu na uti wa mgongo. Kikivutwa kinaweza kusogea na kukata. Mweleze daktari hata kama gobore lenyewe halikuwa na kibali. Anataka kujua kilipo chuma, na eksirei ya kawaida itamwonyesha. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na cheche ya chuma jichoni naye aseme, maana chembe ndogo ikihama yaweza kumpofusha.

Waseme pia wenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kibanio cha mshipa wa ubongo au kifaa cha kusikilizia kilichopandikizwa. Vyuma vya mfupa, kama wanavyofungwa vijana wetu wa bodaboda, mara nyingi havizuii kipimo, ila njoo na karatasi za upasuaji. Safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500. Tumewaona watu wakirudishwa kwa sababu karatasi ilibaki ndani ya sanduku nyumbani.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya shinikizo la damu kwa mama wajawazito.