Pointi za mtumba: bei ni ndogo, ada ndiyo inayoumiza

Katika biashara ya likizo za zamu nchini Marekani, ambayo wengi huijua kwa jina la taimushea, kitu kilekile kina bei mbili. Ukinunua kwa kampuni yenyewe, baada ya kukalishwa kwenye maonyesho ya mauzo kwa chai na kadi ya zawadi, mkataba wa kawaida unapita dola 20,000. Ukienda kwa dalali wa pointi za mtumba, yaani haki za malazi za kila mwaka ambazo mmiliki anaziuza tena, mkataba wa jengo lilelile unaweza kuupata kwa nusu ya hapo. Kwenye minada ya intaneti iko pia mikataba inayotolewa kwa dola 1. Kwa familia za Waswahili walioko Texas, Minnesota au Georgia, ambazo watoto wao wanaidai Orlando kila shule zikifungwa, tofauti hiyo inavutia sana.

Wenye sekta wana takwimu nzuri za kuonyesha: mauzo ya takriban dola bilioni 10 kwa mwaka, hoteli zipatazo 1,500 na kaya karibu milioni 10 zenye mikataba. Wanaongeza kwamba wamiliki wengi wameridhika. Takwimu hizo, hata hivyo, zinatokana na utafiti unaogharimiwa na sekta yenyewe, na ile bilioni 10 ni mauzo ya kampuni peke yake. Mwenye mkataba anayeutoa kwa dola 1 ili aepuke ada ya mwaka ujao hahesabiwi humo. Msomaji anayetaka kununua mtumba anapaswa kuanza na swali ambalo takwimu hizo haziligusi: kwa nini mwenzangu anauza?

Dalali mmoja wa Florida, mzaliwa wa Afrika Mashariki, alikubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, kwa kuwa kampuni hizohizo ndizo zinazompitishia nyaraka. Anasema wauzaji wake wengi hawana ugomvi na vyumba wala na huduma. Watoto wamekua, ndoa imevunjika, au ada imepanda kuliko mshahara. Malalamiko yake yako kwingine, na ni mazito.

La kwanza ni haki ya kampuni kununua kwanza. Mnunuzi na muuzaji wakishaelewana, mkataba hupelekwa kwa kampuni, ambayo katika mifumo mikubwa ina siku 30 za kuamua. Bei ikiwa ya chini mno, kampuni inaweza kuuchukua mkataba kwa bei ileile, kisha ikaziuza pointi zake kwa bei kamili. Mnunuzi hurudishiwa amana yake na kuanza upya. Dalali anadai kwamba wateja wake wanaojua kupatana ndio wanaopokonywa, huku aliyekubali bei ya juu akipitishwa bila shida.

La pili linamuudhi zaidi. Mwezi Januari 2019, mfumo mmoja mkubwa wa Orlando uliamua kwamba atakayenunua pointi za hoteli zake 14 za mwanzo kutoka mkononi mwa mtu hataweza kuzitumia kwenye hoteli mpya zinazofunguliwa. Anaweza kuzunguka katika zile 14 tu. Na aliyenunua mtumba kwenye hoteli mpya amefungiwa palepale aliponunua. Chumba hakibadiliki, na ada ya mwaka inalipwa kwa kiwango kilekile hadi senti ya mwisho, lakini milango imepungua. Dalali anaamini lengo ni kuifanya pointi ya mtumba ionekane dhaifu, ili mteja arudi kwenye meza ya mauzo.

Kampuni hujitetea kwamba marupurupu ni ya wanaonunua moja kwa moja, na kwamba haki ya kununua kwanza inalinda thamani ya mali ya wamiliki wote. Utetezi huo una ukweli kiasi: mifumo isiyojali mikataba yake ya mtumba ndiyo ambayo bei zake zimeanguka hadi dola 1. Lakini anayejiita mlinzi wa bei ndiye anayeshindana na mmiliki katika kuuza, na ndiye anayeandika masharti. Nashindwa kuuita huo ulinzi. Dalali naye, tukumbuke, hula kamisheni kila mkataba unapopita. Kauli zake zisikilizwe kwa tahadhari hiyo.

Twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Tuchukue mfano wa pointi 150 zilizonunuliwa kwa dola 100 kila moja, yaani dola 15,000, mkataba ukiwa umebakiza miaka 16. Bei hiyo ikigawanywa ni takriban dola 940 kwa mwaka. Ada ikiwa dola 9 kwa pointi, ongeza dola 1,350. Jumla inakaribia dola 2,290 kila mwaka. Kupanga pointi hizohizo kutoka kwa mmiliki mwingine, tuseme kwa dola 20 kila moja, ni dola 3,000. Anayesafiri kila mwaka anaokoa dola 700 na ushei. Anayesafiri miaka 10 kati ya hiyo 16 amelipa zaidi ya dola 36,000 kwa likizo ambazo angezipanga kwa dola 30,000, isipokuwa kama aliweza kuzipangisha pointi za miaka aliyobaki nyumbani. Na mfano huu umeiacha ada palepale, wakati ada hupanda. Wastani wake kwa sekta nzima umeshapita dola 1,000 kwa mwaka, na hakuna wa kumuahidi mnunuzi itaishia wapi.

Hii ndiyo sababu mkataba wa dola 1 unaogopesha kuliko wa dola 15,000. Ule wa pili una tarehe ya mwisho. Mikataba ya zamani ya mfumo tulioutaja inakufa mwaka 2042. Mingi ya dola 1 haina mwisho, na ada yake inaendelea hata mmiliki akiwa hawezi kusafiri. Warithi wana haki ya kuukataa, ila ni lazima wajue mapema kwamba upo.

Kabla ya kusaini, dai hati ya uthibitisho inayoonyesha pointi zilizopo, zilizowekwa akiba na zilizokwisha kukopwa kutoka mwaka ujao. Mkataba uliokamuliwa, yaani ambao pointi zake zimekwisha kutumiwa na kukopwa, unaweza kumweka mnunuzi karibu miaka miwili bila kulala usiku hata mmoja, naye analipa ada. Angalia pia mwezi ambao mwaka wa matumizi unaanza, na hoteli ya nyumbani, yaani ile ambayo mkataba umefungwa nayo, ni ipi: katika mfumo huo wa Orlando mwenye mkataba wa hoteli husika huweka nafasi miezi 11 mapema, wengine miezi 7. Kwa wiki ya Krismasi, miezi hiyo minne ndiyo inayoamua nani anapata chumba. Fedha zipitie akaunti ya amana ya wakala wa kuhamisha umiliki, zisiende kwa muuzaji.

Utapeli nao umeota mizizi. Wapelelezi wa Marekani wanasema kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa matapeli wa taimushea walioko Mexico, wakiwamo wa magenge ya dawa za kulevya. Mwenye mkataba hupigiwa simu na kuambiwa mnunuzi yuko tayari, ila kwanza alipe kodi au gharama za uhamisho. Takwimu hiyo ni ya walioripoti, na wazee wengi huona aibu kusema. Hasara halisi bila shaka ni kubwa zaidi. Florida ilitunga sheria mwaka 2012 ya kuwabana wanaotangaza mauzo ya mtumba, lakini simu nyingi za aina hii hutoka nje ya mamlaka yake.

Kwa anayeishi Nairobi au Dar es Salaam nina shaka kubwa zaidi. Mkataba haumpatii mtu viza, ada inadaiwa kwa dola wakati kipato ni shilingi, na nauli ya familia ya watu watano inaweza kuipita ada yenyewe. Pwani ya Kenya nayo imewahi kuuza wiki za namna hii, na swali la ada ni lilelile.

Tukitazama mbele, bei za mikataba ya 2042 zinapaswa kushuka kadiri miaka inavyopungua, ingawa wanaoipenda Orlando wameendelea kuzishikilia juu kuliko hesabu inavyoruhusu. Kwa sasa njia yenye hatari ndogo ni kupanga pointi za mtu kwa msimu mmoja au miwili, huku ukijua kwamba kufuta safari ni kugumu. Lakini mifumo mikubwa inakataza upangishaji wa kibiashara. Ikianza kulisimamia katazo hilo kwa ukali, pointi za kupanga zitaadimika, bei yake itapanda, na hesabu ya hapo juu itaegemea zaidi upande wa kununua.