Kisiwani, shamba, kisima na pwani ni hesabu moja

Katika mabonde kadhaa ya Pemba, mashamba ya mpunga yameachwa kwa sababu maji ya chumvi yameingia. Wakulima huilaumu bahari, na ni kweli kwamba usawa wake unapanda. Lakini sehemu ya hasara hiyo hutokana na mikoko iliyokatwa kwa ajili ya boriti, kuni na mkaa.

Mkata mikoko hupata fedha mara moja. Mwenye bonde hupoteza mavuno ya kila mwaka, na hasara yake haimo katika bei ya boriti.

Unguja ina takriban kilometa za mraba 1,600, na Pemba haifiki 1,000. Katika eneo dogo hivyo, linalofanyika mlimani hufika pwani upesi. Udongo wa mteremko uliolimwa bila makinga maji husombwa na mvua za masika hadi kwenye maeneo ya uvuvi na mwani. Zao hilo, linalolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989 na kutegemewa zaidi na wanawake, tayari linaathiriwa na joto la maji. Kotonii, yenye bei nzuri kuliko spinosamu, ndiyo hufa upesi zaidi.

Visima navyo vimo hatarini. Visiwa hivi havina mto mkubwa. Tegemeo ni mvua iliyozama ardhini. Maji matamu ni mepesi, hivyo huelea juu ya maji ya bahari. Wataalamu hukadiria kuwa kila mita moja iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 chini yake. Usawa huo ukishuka nusu mita kwa pampu za hoteli na za bustani za mboga, hazina hupungua mita 20 kwa chini kadiri muda unavyopita, na chumvi hupanda.

Mkulima afanye nini? Avute maji kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Apime chumvi ya kisima kila kiangazi. Akinge maji ya paa wakati wa masika, na aache miti juu ya mteremko. Mfanyabiashara wa boriti aulize zilikokatwa kabla ya kulipa.

Zaidi ya hayo, kamati za kijiji za kilimo, maji, uvuvi na misitu zikae meza moja kabla ya kibali chochote kutolewa. Zikikaa mbalimbali, kila moja itaidhinisha faida yake, na mwenye bonde ataendelea kulipa gharama.