Biolojia katika chuo kidogo cha elimu pana

Chuo kidogo cha elimu pana hufundisha hasa shahada ya kwanza. Wanafunzi wake kwa kawaida hawazidi elfu tatu hivi, na kila mmoja hutakiwa kuonja sayansi, historia, lugha na falsafa kabla ya kubobea. Mfumo huu umekita mizizi Marekani. Nchini Tanzania njia ni nyingine. Kijana wa Kisesa, wilayani Magu, kilomita 20 hivi kutoka jijini Mwanza kwa barabara ya Musoma, huchagua tahasusi anapoingia kidato cha tano. Akichukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, basi fasihi na jiografia kwa kiasi kikubwa huziaga hapo.

Katika chuo cha elimu pana masomo huchukua miaka minne, na fani kuu huchaguliwa karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Anayechagua biolojia hupita kwenye seli, urithi, mageuko na ikolojia, pamoja na kemia na takwimu. Madarasa ni madogo. Kwa kuwa chuo hakina wanafunzi wa uzamivu, kazi ya utafiti ambayo katika vyuo vikubwa ingefanywa na hao huangukia mikononi mwa vijana wa shahada ya kwanza, wakiwa bega kwa bega na mhadhiri. Hapo ndipo penye nguvu ya vyuo hivi. Thomas Cech, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989, alianzia Grinnell, chuo kidogo cha jimbo la Iowa. Jennifer Doudna, aliyeipata mwaka 2020, alisoma Pomona, California.

Namna ya kujifunza inaonekana vizuri kwa konokono wa Ziwa Victoria. Biomphalaria ni konokono mdogo mwenye ganda bapa, lililojiviringisha kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Mwanafunzi aliyevaa glavu na mabuti humchota kwenye magugu ya ufukweni, humweka peke yake katika glasi ya maji safi, kisha huiacha glasi juani kwa saa moja au mbili. Kama konokono ameambukizwa, maji huanza kuonekana kana kwamba yana vumbi linalocheza. Tone moja likiwekwa chini ya hadubini, vumbi lile hugeuka kuwa vijidudu vyenye mkia wa panda, kama manati. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu na kuleta kichocho cha tumbo. Visipopata ngozi, hufa ndani ya siku mbili hivi. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kukariri mzunguko wa maisha ya kichocho.

Swali linalofuata ndilo linaloipa elimu pana maana. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini aliyetibiwa hurudi majini kesho yake. Hurudi kwa sababu ana nguo za kufua, mtumbwi wa kusukuma na ndoo ya kujaza. Bara kidogo, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga ya Usukumani, konokono wa jamii nyingine, Bulinus, hubeba kichocho cha mkojo, na huko anayeingia majini ni mkulima. Kujua nani anaingia majini, saa ngapi na kwa nini ni kazi ya jiografia, uchumi na historia, na mwanabiolojia asiyezigusa atabaki na nusu ya jibu.

Kisesa yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Tangu mwaka 1994 kata hiyo imekuwa eneo la utafiti wa muda mrefu wa VVU unaoendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza. Sampuli ya damu ina thamani pale tu inapoambatana na sensa ya kaya, mahojiano yaliyoulizwa kwa lugha ambayo mhojiwa anaielewa, na ridhaa iliyotolewa bila kushurutishwa.

Udogo wa chuo una gharama yake. Kozi za ndani zaidi ni chache na vifaa vikubwa huenda visiwepo. Ada ni kubwa mno, ingawa vyuo kadhaa husaidia kulingana na uwezo wa familia. Berea, jimboni Kentucky, hakitozi ada ya masomo. Wazazi wengi pia huchanganya jambo moja: shahada ya biolojia haimfanyi mtu kuwa daktari. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, ilhali Bugando, Mwanza, mwanafunzi huingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita na kusoma miaka mitano kabla ya mafunzo ya vitendo. Shahada iliyopatikana nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe.