Dari ya Nyumba na Uhai wa Walalao Chini Yake



Miji yetu ya Mbeya na Iringa imejengwa mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Mbeya hushuka mara nyingi chini ya nyuzi joto 10, na juu katika uwanda wa Kitulo umande huganda. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapozungumzia kuzuia joto lisipite kwenye paa, huwaza gharama ya kiyoyozi. Sisi huwaza gunia la mkaa. Tena yatupasa kuwaza zaidi ya gunia, kwa maana katika majira haya jiko huingizwa chumbani, mlango hufungwa, na wapo waliolala jioni wasiamke asubuhi.

Kwa sababu hiyo tunapenda kueleza jambo moja ambalo mafundi wetu wanalijua, lakini familia nyingi huliahirisha mwaka hadi mwaka: nyumba hupoteza joto lake kupitia juu, na hapo ndipo pa kulizuia, badala ya kulitafuta joto jipya kwa moto ndani ya chumba cha kulala.

Tuanze na bati. Bati ni chuma chembamba, na chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao. Mchana jua hulichoma, na nyumba huwa kama tanuri. Usiku, mbingu ikiwa safi bila mawingu, bati hutoa joto lake kuelekea angani hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, ule uvuguvugu wa miili yetu, wa kuta zilizoota jua na wa chakula kilichopikwa, wote hupanda, hukutana na bati na kupotea. Unyevu wa pumzi zetu nao hugeuka kuwa matone. Tunapotembelea wagonjwa alfajiri katika majira ya baridi, mara nyingi tumeona blanketi la mgonjwa likiwa na majimaji, na wenyeji wakidhani paa linavuja. Halivuji, ni pumzi ya nyumba iliyogusa chuma baridi ikadondoka.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa kiasi hiki. Tembe za Wahehe zilifunikwa kwa udongo mzito juu ya miti, na nyumba za Rungwe ziliezekwa kwa nyasi nene zilizoshika hewa katikati yake. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo siri ya nyasi, ya sufu na ya blanketi. Bati lilituletea faida kubwa: halishiki moto upesi kama nyasi, wala halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini tulipolipokea tuliacha lile blanketi. Dari ndiyo inayolirudisha. Na kwa waamini wa maeneo ya joto, kama Kyela na Pawaga, kazi ni ile ile kwa upande wa pili: dari huzuia joto la bati la mchana lisiwashukie.

Je, tufanye nini? Kwanza, tuanze na chumba kimoja, yaani kile wanamolala watoto, wazee au mgonjwa. Si lazima nyumba nzima ipate dari mwaka huu. Dari yaweza kuwa ya jipsamu, ya siling bodi, ya mbao, au ya mikeka ya mianzi iliyofumwa vizuri. Lililo muhimu ni kwamba isiwe na mianya mikubwa pembeni, kwa sababu hewa ya joto hutafuta tundu kama maji yanavyotafuta ufa.

Pili, juu ya dari iwekwe kinga. Mwenye uwezo atanunua pamba ya kioo madukani, na fundi avae glavu na kufunika pua anapoitandaza. Asiye na uwezo huo aangalie kilicho karibu: maganda ya mpunga kutoka mashine za Mbarali na Kyela, au maranda ya mbao kutoka Mafinga. Yawe makavu kabisa, bila pumba ndani yake ili yasiite panya, na yatandazwe kwa kina cha sentimita 10 hivi. Uzito wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana; hivyo fundi aongeze mbao za kushikilia dari kabla ya kuyamwaga. Kwa kuwa maganda na maranda huweza kuungua, nyaya zote za umeme zipitishwe ndani ya mabomba, zikaguliwe na fundi umeme, na kinga isifunike taa wala maungio ya nyaya. Dari ya namna hiyo isiwekwe kabisa jikoni kwenye moto wa kuni.

Tatu, nafasi iliyo kati ya dari na bati iachiwe matundu yenye wavu pembeni mwa paa, ili unyevu utoke na mbao za kenchi zisioze. Chumba chenyewe pia kibaki na tundu la hewa juu ya dirisha. Kuzuia joto lisipotee si sawa na kuziba pumzi.

Hapa ndipo penye onyo letu kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Wengi hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo huwasha jiko nje, hungoja mkaa uwe mwekundu, kisha huliingiza ndani wakiwa na amani. Mkaa mwekundu usio na moshi bado huitoa hewa hiyo. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliye na dalili hizo atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Tena tuelewe vema: nyumba iliyowekewa dari nzuri huvuja hewa kidogo zaidi, kwa hiyo jiko la mkaa ndani yake ni hatari kuliko katika nyumba ya zamani yenye mianya. Siku dari inapowekwa, jiko litoke chumbani na lisirudi tena.

Je, haya yanalihusu Kanisa? Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, kinamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta juu ya dari yake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Katika aya hiyo neno dari lina maana ya paa la bapa ambalo watu walitembea juu yake, lakini mafundisho yake hayajabadilika: mwenye nyumba anawajibika mbele ya Mungu kwa uhai wa walio chini ya ulinzi wake. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alihesabu kuvaa nguo nzito badala ya kuongeza moto kuwa miongoni mwa matendo madogo ya kutunza uumbaji. Kila gunia la mkaa tusilolichoma ni miti iliyobaki imesimama.

Tunajua wapo wasioweza kununua hata ubao mmoja. Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, pamoja na WAWATA, UWAKA na VIWAWA, zitazame ndani ya mipaka yao kabla ya Juni: nani ni mjane, nani ni mzee aishiye peke yake, nani analea wajukuu chini ya bati tupu? Fundi mmoja wa jumuiya, vijana wachache na magunia kadhaa ya maganda baada ya mavuno vyatosha kwa chumba kimoja. Na pale ambapo hata hilo halijawezekana, blanketi la pili lililotolewa kwa upendo ni salama kuliko jiko la mkaa.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu, na awalinde wote walalao chini ya mapaa yetu. Tumsifu Yesu Kristo!