Mlango wa Tenki la Mafuta Usiokaa Sawa: Jinsi ya Kuurekebisha Nyumbani

Ukisimama kando ya barabara pale mjini Babati na kuyatazama magari yanayopita, utaona mengi ambayo ule mlango mdogo wa kuwekea mafuta umelegea. Mwingine umeshuka upande mmoja, mwingine umejitokeza nje, na mwingine umefungwa kwa selotepu. Wenye magari huvumilia kwa sababu gari linatembea. Wengine hupeleka kwa fundi wa bodi, naye huanza na nyundo na kumalizia na rangi, wakati kazi yenyewe mara nyingi ni ya boliti mbili.

Kwanza tutofautishe vitu viwili. Mlango tunaouzungumzia ni kile kipande cha nje kinachofanana na bodi ya gari. Kifuniko ni kile kinachozungushwa kwa mkono ndani yake, na ndicho kinachozuia mvuke wa petroli kutoka na maji kuingia kwenye tenki. Kwa hiyo mlango uliopinda hauharibu mafuta kama kifuniko ni kizima. Lakini mlango ukibaki wazi, vumbi na matope hujaa kuzunguka shingo ya tenki, na kila unapofungua kifuniko uchafu huo unaweza kudondokea ndani. Sisi tunaoishi maeneo ya vumbi kama Nakwa tunajua vumbi hilo lilivyo jembamba.

Mlango huharibika kwa njia gani? Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilometa zipatazo 250, ilizinduliwa mwaka 2018, lakini njia nyingi za kuingia mitaani na vijijini bado ni za udongo, na mtikisiko hulegeza boliti za bawaba. Sababu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni bisibisi. Ndani ya mlango kuna springi nyembamba inayousukuma utoke pale dereva anapovuta leva iliyo karibu na kiti. Springi ikichoka, mlango hautoki, na mtu wa kituo cha mafuta huchomeka bisibisi au ufunguo na kukongoa. Ukifanyiwa hivyo mara kumi, ukingo unapinda na bawaba inavutika. Kunyoosha mlango bila kubadilisha springi ni kazi ya kurudiwa.

Kabla ya kushika spana, funga mlango na uangalie nafasi inayouzunguka. Kama nafasi ni kubwa juu na ndogo chini, mlango umeshuka kwenye bawaba. Kama upande wa bawaba umejitokeza nje, bawaba imepinda au boliti zimelegea. Kama upande wa komeo ndio uliojitokeza, tatizo liko kwenye komeo au kwenye vile vifundo vya mpira ambavyo mlango huegemea. Kama ni bodi yenyewe iliyobonyea baada ya kugongwa, hapo usipoteze muda, mwone fundi wa bodi.

Sasa kuhusu usalama. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutambaa chini. Wengi wetu tunaukumbuka moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, uliosababisha vifo vya watu zaidi ya 100. Fanya kazi nje, mchana, injini ikiwa imezimwa, mbali na jiko la mkaa na sigara. Kifuniko kibaki kimekazwa muda wote. Wala usimruhusu mtu yeyote kuchomelea bawaba ikiwa kwenye gari, hata akikuambia tenki lina mafuta kidogo. Tenki lisilojaa lina nafasi kubwa ya mvuke.

Futa vumbi, kisha bandika selotepu ya karatasi kwenye kingo za bodi ili rangi isikwaruzwe. Sindika kitambaa chini ya shingo ya tenki ili boliti isipotelee humo. Boliti za bawaba utaziona mlango ukiwa wazi. Magari mengi yana mbili, za spana ndogo au bisibisi ya nyota. Usizifungue zote. Zilegeze kidogo tu, kiasi kwamba mlango unasogea kwa kusukumwa lakini hauanguki wenyewe. Hapo ndipo penye siri ya kazi hii, kwa sababu ukishafunga mlango huwezi tena kuzifikia boliti. Funga taratibu, usukume kwa kiganja hadi nafasi zilingane pande zote, kisha ufungue polepole bila kuutikisa na ukaze boliti kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, bawaba itazunguka na mlango utahama tena. Jaribu mara mbili tatu, usikate tamaa.

Kama matundu ya boliti hayana nafasi ya kusogea, bawaba ya chuma inaweza kupindwa kidogo kwa mkono. Shikilia shina lake kwa mkono mmoja na usukume mlango kwa mwingine, kidogo kidogo, ukifunga na kuangalia kila mara. Bawaba ya plastiki usiipinde, itavunjika. Hiyo inabadilishwa.

Vifundo vya mpira vikiwa vimepotea, mlango huzama kona moja. Vingine huzungushwa kama skrubu ili kuinua au kushusha mlango. Kwa komeo lisilofunguka, mwambie mtu avute leva huku wewe ukibonyeza mlango kidogo kwa ndani kisha kuuachia. Ukifunguka, safisha komeo kwa mswaki mkavu na upake grisi kidogo sana, maana grisi nyingi hukusanya vumbi.

Kabla hujamaliza, tafuta tundu dogo lililo chini ya kile kibakuli kinachozunguka shingo. Ni la kutolea maji ya mvua, na katika magari mengi limeziba kwa udongo. Lizibue kwa mrija wa plastiki au waya laini, kwani maji yakituama hapo hula shingo ya tenki kwa kutu, na shingo ni ghali kuliko mlango. Mimina maji kidogo, kifuniko kikiwa kimekazwa, uone yanadondoka chini ya gari.

Baada ya safari ya kwanza kwenye barabara mbaya, kagua boliti tena.