Jina na Mipaka ya Spishi: Uainishaji wa Pomboo Wenye Nundu wa Jenasi Sousa

Majina ya kisayansi ya wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, Linnaeus alipochapisha toleo la kumi la Systema Naturae. Katika toleo hilo nyangumi na pomboo waliondolewa kwenye kundi la samaki na kuwekwa miongoni mwa mamalia. Suala hilo hatimaye lilitulia. Lililobaki ni mipaka baina ya spishi na spishi, nalo ni gumu zaidi, kwani mnyama huyu huonekana mgongo tu anapoibuka kuvuta pumzi.

Pomboo wenye nundu ni mfano mzuri. Mwaka 1765 Osbeck aliwaita wale weupe wa China Delphinus chinensis. Mwaka 1829 Cuvier alimwita pomboo wa pwani ya Malabar, India, plumbea, yaani mwenye rangi ya risasi. Gray alitoa jina la Sousa mwaka 1866, na baadaye spishi hizo zilihamishiwa katika jenasi hiyo. Ndiyo sababu majina ya Osbeck na Cuvier huandikwa ndani ya mabano baada ya jina la spishi. Mabano hayo, ambayo ni rahisi kuyapuuza, ndiyo yanayoonesha kwamba jina limehama.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliwaunganisha pomboo hawa wote wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi kuwa spishi moja. Kwa kanuni ya kipaumbele jina kongwe hushinda, hivyo chinensis likalimeza plumbea. Mwaka 2014 Jefferson na Rosenbaum, kwa ushahidi wa mafuvu, rangi, umbo na vinasaba, walilirejesha plumbea na kuwapa wa Australia jina jipya, sahulensis. Pamoja na teuszii wa Afrika Magharibi, spishi zikawa nne.

Mabadiliko hayo yaligusa uhifadhi moja kwa moja, kwa kuwa Orodha Nyekundu ya IUCN hupima hatari hasa kwa kufuata spishi. Mwaka 2008 chinensis, ikiwa bado imewajumuisha wote hao, iliwekwa katika daraja la kukaribia kutishiwa. Plumbea ilipopimwa peke yake, mwaka 2017 iliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Hao ndio pomboo wenye nundu wa kusini mwa Unguja, ambako nyavu za jarife huwanasa pamoja na Tursiops aduncus. Neno pomboo hutumika kwa wote wawili; kumbukumbu ya bandarini isiyotaja nundu haimwambii mtathmini ni spishi ipi iliyopungua.